Mlio na karakana ndogo: ajali ya kazini musiimalize kienyeji, yamenikuta mimi

FundiMbao_Changamwe
Salaam aleikum na habari za saa hizi wote. Huu uzi nimeukalia kama wiki tatu nashindwa kuuanza, lakini leo nimepita kwa jamaa mmoja huku Magongo, Mombasa, ana karakana kama yangu nikaona mashine yake ya kupasua mbao haina kifuniko, kijana yuko pale anasukuma mbao vidole viko karibu kabisa na meno ya msumeno, nikamwambia bwana we hebu zima hio mashine kwanza tuongee. Naandika kwa ajili yake na wengine wote wenye watu watano, kumi, kumi na tano, wanaodhani mambo ya WIBA, ile sheria ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia kazini, ni ya makampuni makubwa ya bandarini.

Mimi nina wafanyakazi 11. Mwaka juzi kumi la mwisho la Ramadhani tulikua na oda ya vitanda vya hoteli moja upande wa Bamburi, mwenye oda anapiga simu asubuhi na jioni. Kile kifuniko cha msumeno tulikitoa miezi kadhaa nyuma manake mbao nene zilikua zinakwama nacho, tukakisukuma chini ya benchi tukisema tutakirudisha. Hakikurudi. Saa tisa mchana kijana wangu, amefunga, amechoka, na mimi ndie niliesema tukaze mpaka magharibi, akapitisha ubao una fundo, ubao ukaruka, mkono ukafuata. Sauti ya mashine ilibadilika kidogo tu. Nlikua mlangoni napokea gundi, nikageuka nikaona unga wa mbao pale mezani umekua mwekundu na yeye ameushika mkono wake kifuani hasemi kitu. Hakulia. Mpaka leo kile kimya chake ndo kinaniamsha usiku.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto. Tulimuweka kwenye tuktuk tukamkimbiza hospitali, nikalipa kila kitu, hapo sikufanya ubahili. Kosa langu lilianza baadae. Wazee wakaniambia ee bwana haya mambo ni ya kumalizana, mukienda kwa serikali mutafungiwa karakana. Tukakaa sebuleni kwao, mjomba wake, mzee wa mtaa na mimi, nikatoa shilingi 40,000, tukaandika karatasi tukasaini, tukasoma fatiha. Karatasi yenyewe imeandikwa "msaada". Bima sikua nayo. Ripoti sikupeleka. Nikarudi kazini nikaona yamekwisha.

Mwezi wa nane baada ya ajali nikaletewa barua. Ndugu yake mwengine anafanya kazi bandarini, alipomuona na ule mkono akamuuliza tajiri wako alijaza fomu ya DOSH, ile idara ya serikali ya usalama na afya kazini? Hajui hata ni nini. Akampeleka mwenyewe, daktari akajaza sehemu yake, na kwa kua miezi 12 haijaisha tangu ajali dai lake lilikua halali kabisa.

Hesabu ilivyokwenda, ifuateni vizuri manake wengi hawaijui. Ulemavu wa kudumu unapigwa kwa mshahara wa miezi 96 mara asilimia alioandikiwa. Mshahara wake 21,000. Mara 96 ni 2,016,000. Asilimia 14 ya hio ni 282,240. Juu yake zile wiki ambazo hakuweza kufanya kazi, mimi nilikua nimezihesabu kama likizo ya bure, kumbe anatakiwa kulipwa mapato yake kama kawaida, miezi miwili na nusu ni 52,500. Jumla 334,740. Zote kutoka mfukoni. Na ile karatasi ya sebuleni nilipoipeleka, afisa aliisoma mara moja akaniuliza nani alipima ulemavu wake, nikakosa la kujibu.

Sina kinyongo na yule kijana hata chembe. Haki yake. Ninachowaambia ni kwamba pesa nilioikwepa kulipa bima kwa miaka yote sita haikufika hata robo ya hapo.

Bi_Kiembeni
Pole sana kaka, na pole zaidi kwa huyo kijana. Mimi nimeshona kwenye kiwanda cha nguo cha kuuza nje miaka tisa, minne ya mwisho nilikua msimamizi wa laini. Ajali yetu ya kila wiki ni sindano kuingia kidoleni. Watu wanaona ndogo. Ila sindano ikivunjikia ndani ya mfupa mtu anapelekwa eksirei na kufunguliwa. Kitu nlichokua nagombana nacho ni sanduku la huduma ya kwanza, lilikua na kufuli na ufunguo anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo akienda kula basi damu inasubiri arudi kula. Siku nimevunja ile kufuli kwa makasi niliandikiwa barua ya onyo. Nimeiweka mpaka leo hio barua. Matajiri munaosoma hapa, sanduku lifunguliwe, liwe na vitu ndani, na mtu aliefunzwa awepo zamu zote hata ya usiku. Hio ya usiku hua inasahaulika kabisa.

Mpakiaji_Shimanzi
Swali kwa alieanzisha uzi, sisi vibarua tunaochukuliwa getini asubuhi tunalipwa jioni tumo au hatumo? Manake kwenye yadi za makontena kila mtu akiumia anaambiwa wewe si wa kampuni, wewe ni wa yule aliekuleta, na alietuleta nae anazima simu.

FundiMbao_Changamwe
@Mpakiaji_Shimanzi mumo ndugu yangu. Nlimuuliza yule afisa swali hilo hilo kwa sababu mimi pia hua nachukua watu wa siku kupakia. Sheria haiangalii kama una barua ya ajira, inaangalia kama umeajiriwa kwa ujira, na kipato chako wanakigeuza kua cha mwezi ndo wapige hesabu. Sasa wa siku moja ushahidi wake ndo unakua shida, kwa hivyo wewe upande wako andika jina la yadi, tarehe, namba ya lori ulilopakia, na ukilipwa kwa M-Pesa usifute ile meseji.

Karani_mstaafu
Wanangu, niongeze hapo. Nimekaa kwenye meza ya rasilimali watu miaka 27 hapa Mombasa, nyingi kati ya hizo tukitumia ile sheria ya zamani ya fidia kabla ya hizi mbili za 2007, yaani WIBA na ile ya usalama na afya kazini. Watu huzichanganya. Ya usalama inakueleza ufanye nini mtu asiumie: mahali pa kazi pasajiliwe kwa mkurugenzi wa DOSH, ukaguzi wa usalama ufanyike kila mwaka, ukifikisha watu 20 uwe na kamati ya usalama yenye wafanyakazi ndani yake. WIBA inakuja mtu akishaumia. Sasa tajiri akija ofisini kwangu nlikua namuuliza ya kwanza kabla ya ya pili, manake mwenye kuifuata ile ya kwanza hua hatembelei sana hii ya pili.

Na muda. Ukijua ajali imetokea una siku 7 kuripoti kwa mkurugenzi wa DOSH kupitia ofisi yao ya hapa. Kifo ni ndani ya masaa 24, usingoje mazishi. Fomu ni ya WIBA 1, wewe unajaza sehemu yako, daktari yake. Nimeona matajiri wakikaa na ile fomu kwenye droo kwa sababu wanaogopa kusaini, wanadhani kusaini ni kukubali kosa. Si kukubali kosa! Fidia hii hailipwi kwa sababu umekosa, inalipwa kwa sababu mtu ameumia akiwa kazini kwako.

TajiriWaKongowea
Nawaheshimu wote lakini na sisi tusikizwe. Nina stoo ya nafaka, nimewanunulia vijana barakoa za vumbi, glavu, gambuti, kila kitu. Ukigeuka wamevua. Mmoja alipanda juu ya magunia kwa viatu vya ndara akateleza akavunjika kiwiko. Nimemwambia mara ngapi. Sasa na hapo nilipe mimi?

Karani_mstaafu
Ndio mwanangu, hapo ulipe. Mtu kuzembea kwa kawaida hakumuondolei haki. Kinachomuondolea ni kufanya utovu wa makusudi kabisa, akijua, na hata hivyo ikiwa ameumia vibaya sana au amekufa bado fidia iko. Sasa niambie, magunia yamepangwa mpaka juu wapi? Kuna ngazi ya kupandia? Kama hakuna ngazi na magunia yanatakiwa yashuke, yule kijana angepandaje? Nimeona stoo za Kongowea, watu wanapanda magunia kwa sababu ndio ngazi yenyewe.

TajiriWaKongowea
Ngazi haipo. Nimekuelewa mzee wangu.

FundiMbao_Changamwe
Na kuhusu glavu nataka kusema kitu manake hata mimi sikua najua. Baada ya ajali nlikimbia kununua glavu nzito za ngozi dazeni nzima nikawapa wote. Fundi mmoja mzee wa kutoka Mikindani akaja akaona, akanishika mkono akanitoa nje akaniambia mwanangu unataka kuwaua. Kwenye mashine inayozunguka glavu ni mtego, ule msumeno ukidaka uzi mmoja wa glavu unavuta mkono mzima, mtu asie na glavu angepoteza ncha ya kidole mwenye glavu anapoteza kiganja. Mashine ya kutoboa vilevile. Mikono mirefu ya shati vilevile. Kinachohitajika pale ni kifuniko juu ya msumeno, na kile kisu kidogo cha nyuma yake kinachozuia ubao usibane ukaruka, na kijiti cha kusukumia ule mwisho wa ubao ili mkono usikaribie. Kile kijiti tumekitengeneza kwa makombo ya mbao, hakikugharimu hata shilingi. Hata shilingi jamani. Glavu wavae wakibeba mbao mbichi na mabati, si mashineni.

Broka_wa_DigoRoad
Nauza bima kwa hivyo mujue nina maslahi, ila haya ni ya bure. Kwanza bima ya WIBA si hiari, kifungu cha 7 kinasema kila mwajiri awe nayo. Malipo yake yanapigwa kutokana na jumla ya mishahara ya mwaka na aina ya kazi, karani wa ofisini hawezi kua sawa na mtu wa kupanda juu ya kontena.

Pili, jambo linaloniumiza kila siku: tajiri ana watu 14, anatuandikia 6 ili alipe kidogo. Ajali haichagui, inakwenda kwa yule wa saba. Au anaandika mshahara 12,000 na mtu analipwa 20,000. Kampuni ya bima ikikuta hivyo unabaki na tofauti yake na wewe ndie unaedaiwa. Tatu, ripoti ikichelewa hata mwenye bima anaingia mashakani. Ukifuata utaratibu, dai likishawasilishwa kampuni ya bima ina siku 90 kulipa.

Na wale wanaoniambia "si tunakatwa SHA", ile bima ya afya ya serikali, hapana. SHA ni matibabu yako wewe kama mwananchi. Mtu akiumia kazini gharama ya matibabu yake ni ya mwajiri, na usafiri wa kumfikisha hospitali ni wa mwajiri, na SHA hailipi mshahara wala asilimia ya kidole.

MamaMahamri_Likoni
Samahanini jamani mimi sina karakana, nina kibanda cha mahamri na mbaazi hapa karibu na feri, wasichana wangu watatu. Nasoma roho inanidunda. Mwezi uliopita mmoja alimwagikiwa na mafuta mguuni, nikampaka asali nikampa siku nne za kupumzika bila kumkata. Hii sheria inanihusu na mimi kweli?

Bi_Kiembeni
Inakuhusu mamangu, hata ungekua na msichana mmoja wa nyumbani inakuhusu. Na huyo msichana amekwenda hospitali? Mafuta ya kukaangia yanaingia ndani kuliko maji, juu panaweza kuonekana pamepoa na chini pameoza. Siku ya ajali ni maji ya baridi ya bomba kama dakika 20, usipake asali wala dawa ya meno. Mpeleke leo aangaliwe.

MamaMahamri_Likoni
Hakwenda. Namchukua leo leo. Karai nalo limekaa juu ya mawe matatu, moja fupi, ndo lililoyumba. Nimelijua siku zote kua ni fupi.

Dereva_Miritini
Mimi upande wangu, nlikua tanboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, mwaka 2016, tunarudishwa nyumbani usiku na lori la kazi, likaacha barabara pale kabla ya kufika Mazeras. Tajiri akasema saa za kazi zilikua zimeisha, hanihusu. Nikakubali. Niliumwa na mgongo mwaka mzima nalala kwa shemeji yangu. Mwaka jana ndo naambiwa eti gari la mwajiri likiwa linakupeleka au kukurudisha kazini bado inahesabiwa uko kazini. Ni kweli?

Karani_mstaafu
Kweli, imeandikwa ndani ya WIBA yenyewe, kifungu cha 10. Gari alilotoa mwajiri kwa ajili ya kazi, kwenda na kurudi. Pole mwanangu. Miezi 12 ya kudai imepita na sitaki kukupa matumaini ya uongo. Ila walioko kwenye lori hilo leo wanaweza kusaidika, waambie.

TajiriWaKongowea
Mzee wangu nina swali jengine. Hawa mawakili wanaosimama nje ya wodi wanagawa kadi wanasema twende kotini moja kwa moja, ndo tunavyofilisika sisi. Hio imekaaje?

Karani_mstaafu
Hilo lina historia. 2009 Mahakama Kuu ilivitupa vifungu kadhaa vya WIBA baada ya chama cha mawakili kwenda kuipinga, ikawa kila mtu anakwenda kotini kivyake. 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi, na Disemba 2019 Mahakama ya Juu ikalifunga suala, kwamba madai yaanzie kwa mkurugenzi. Asieridhika na uamuzi, awe mfanyakazi au wewe, ana siku 60 kuweka pingamizi kwa mkurugenzi huyo huyo, asiporidhika na jibu anakwenda mahakama ya ajira ndani ya siku 30, nayo inakaa hapa hapa Mombasa. Kwa hivyo kwa mwajiri alienyooka hii sheria ni ngao pia. Anaeumia ni yule aliejificha, kwa sababu hana ripoti, hana bima, hana daftari, na kila anachosema hakuna karatasi ya kukibeba.

Mpakiaji_Shimanzi
Mzee asante. Lakini niseme na sisi tunachoogopa. Tukiripoti, kesho yake getini hatuitwi. Hilo hakuna fomu yake.

FundiMbao_Changamwe
Ndugu yangu maneno yako yamenichoma manake hata wangu hakuniambia kitu miezi minane kwa hofu hio hio. Alipoleta dai mimi nlikua nimemrudisha kazini, na wazee walewale wakaniambia mfukuze. Sheria ya usalama inakataza kumuadhibu mtu kwa kulalamika lakini hata ingekua haikatazi, nlimtazama machoni nikashindwa. Ule mkono aliuacha kwenye mbao yangu.

Tulikaa tena, mara hii bila mzee wa mtaa, nikamuonyesha hesabu yote kwenye daftari na nikamwambia nitalipa kwa awamu tatu kama yeye na ofisi wanakubali. Nimemaliza mwezi wa pili mwaka huu. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini kile kifuniko tulikitoa. Nikamwambia ukweli, kwamba kilikua kinatuchelewesha kama dakika tano kwa kila kitanda. Vitanda vilikua 34.

TajiriWaKongowea
Nimetoka kununua ngazi ya chuma, na nimeteremsha magunia yote mpaka usawa wa kifua, imechukua siku nzima. Yule kijana wa kiwiko siku ya saba ni Jumatano. @Broka_wa_DigoRoad bima sina na sitakuficha, naomba nije kesho na orodha kamili, wako 9 na vibarua wa msimu.

Broka_wa_DigoRoad
Karibu. Lakini ya huyo wa kiwiko bima ya kesho haitamlipa, hiyo ni yako. Peleka fomu kabla ya Jumatano.

TajiriWaKongowea
Najua. Napeleka.

MamaMahamri_Likoni
Tumetoka hospitali, wamemsafisha kidonda na amepewa dawa, wanamtaka tena Ijumaa. Daktari amesema tumewahi. Na lile jiwe nimelitupa, nimeagiza jiko la chuma la miguu minne.

Jamaa_Magongo
Mimi ndie mwenye karakana alioingia FundiMbao asubuhi. Kifuniko cha mashine yangu nimekitafuta mpaka nimekipata nyuma ya pipa la vanishi, bolti moja imepotea. Kesho hatupasui mbao mpaka nipate bolti. Kaka, yule kijana wako yuko wapi sasa hivi?

FundiMbao_Changamwe
Yuko hapa hapa kwangu, anapima na kuchora mbao kabla hazijakatwa, jicho lake ni kali kuliko la wote. Na ufunguo wa swichi kubwa ya mashine anakaa nao yeye. Asubuhi anakagua kifuniko, kisu cha nyuma na kijiti, akiridhika ndo anawasha. Juzi alikataa kuwasha mpaka saa nne kwa sababu ya skrubu iliolegea, mteja amesimama mlangoni. Sikusema kitu. Njoo na hio bolti ilobaki nikutafutie nyengine ya saizi yake, nina kopo zima.